Jando na Kanuni za Kanisa katika Masasi na Newala

Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) ilianza kazi Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowapeleka huko watumwa waliokombolewa. Wamisionari wake walikuwa Waanglikana walioshika desturi za Kikatoliki, kama vile Misa na maungamo. Baada ya shambulio la Wangoni la mwaka 1882, kazi yao ilihamia kwa muda Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde.

Katika nchi hiyo ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, mtoto hakuhesabiwa mtu mzima pasipo kupita jandoni au unyagoni. Kwa hiyo katazo la Kanisa lilikuwa zito: Mkristo aliyelitii alibaki mtoto machoni pa jamaa zake, na aliyelivunja alikuwa mkosaji mbele ya padre.

Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi (1926–1944), alifuata njia nyingine, akisaidiwa na mapadre Waafrika waliozijua mila hizo tangu utotoni. Tohara, makao ya porini na mafunzo ya wari vilidumishwa. Matambiko kwa wahenga yaliondolewa, na sala za Kanisa zikashika mahali pake. Hata jina la jando halikubadilishwa. Mwaka 1928 Lucas aliitetea rai hiyo katika insha iliyochapishwa Uingereza.

Kwa upande wa Roma, agizo la mwaka 1659 lilikwisha kuwaonya wamisionari wasiwalazimishe watu kuacha desturi zisizopingana na dini wala maadili mema. Hata hivyo, miaka 35 ilipita tangu insha ya Lucas hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulipoamua kwamba katika nchi za misheni mambo ya jando yanayopatana na ibada ya Kikristo yaweza kupokewa.

Mafundisho juu ya ubatizo hayakubadilika. Iliyobadilika ni hukumu juu ya mila. Lakini badiliko hilo lilihamisha pia mamlaka: idhini ya jando, iliyotoka kwa wazee kwa jina la wahenga, sasa ilitoka kwa padre. Unyago wa wasichana ulikuwa jambo gumu zaidi, kwa kuwa ulikuwa mikononi mwa makungwi, na padre hakuweza kuingia humo. Hapo kanuni ya askofu, hata ikiwa njema, haikuweza kutimizwa pasipo ridhaa ya wanawake.