Mzigo wa Askari wa Doria

Msikilizaji, mwezi wa Julai pale Sumbawanga mjini ni mwezi wa makoti. Mji umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaoteremka kutoka milima ya Mbizi usiku haubagui tajiri wala maskini. Saa ambayo wewe na mimi tunajifunika blanketi la pili ndiyo saa ambayo askari wa doria anatoka kituoni.

Juma hili nataka tumtazame askari huyo. Tuache cheo chake cha begani, tutazame alichobeba. Kwa maana ukitaka kujua serikali yoyote inamwonaje raia wake, tazama inampa nini askari anayekwenda kukutana na raia huyo gizani.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1880 msafiri Mwingereza, Joseph Thomson, alipita Ufipa akaandika kuwasifu wenyeji kwamba ni wakulima na watu wa amani. Nchi ilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Watwa, katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Mafundi wake waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, malungu, ambazo mabaki yake yanaonekana hata leo, wakafua majembe, shoka na mikuki.

Ndipo wakaja Wajerumani. Kule Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, walijenga boma wakaliita Bismarckburg, jina la Waziri Mkuu wa kwao. Askari wao wa kwanza, mwaka 1889, walikuwa wageni: Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na watu kutoka Msumbiji. Silaha ya askari wa Kijerumani ilikuwa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo baruti yake ilitoa moshi mwingi kiasi kwamba adui aliweza kuona risasi imetoka wapi. Kiunoni alivaa mkoba wa risasi. Na kiboko, msikilizaji, kilikuwa sehemu ya utawala ule hata watu wakakipa nafasi katika hadithi zao.

Sehemu kubwa ya mzigo wa safari haikuwa mgongoni mwa askari. Ilikuwa kichwani mwa mpagazi, kilo 25 mpaka 30 kwa kila mtu. Kufika mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na askari polisi zaidi ya 2,000 katika koloni zima, mbali na jeshi lenyewe. Askari hao walikwenda vijijini kusimamia kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, kutafuta wapagazi na kutia watu adabu. Kumwuliza mwanakijiji ameibiwa nini halikuwa jambo kubwa katika kazi yao. Kwa kazi kama hiyo bunduki na kiboko vilitosha.

Boma la Kasanga liliangukia mikononi mwa Waingereza Juni 1916. Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Ufipa, Jenerali von Lettow-Vorbeck akasalimisha silaha zake. Mwaka uliofuata, 1919, Waingereza wakaanzisha Jeshi la Polisi la Tanganyika, makao yake makuu yakiwa Lushoto.

Hapo mzigo wa askari ukabadilika. Polisi wa mjini alipewa kirungu, pingu na filimbi. Filimbi hiyo ina hadithi yake. Polisi wa London walipoanza kazi mwaka 1829 walibeba kayamba la mbao la kuzungusha kwa mkono ili kuitana. Miaka ya 1880 kayamba likaachwa, ikaja filimbi, kwa kuwa sauti yake ilifika mbali zaidi na haikujaza mfuko. Anayebeba filimbi ni mtu anayekiri kwamba peke yake hawezi. Anategemea mwenzake wa mtaa wa pili atasikia, na anategemea raia atafungua mlango.

Lakini filimbi hiyo haikufika vijijini Ufipa kwa urahisi. Polisi walikuwa wachache nao walikaa zaidi mijini, migodini na kwenye mashamba makubwa. Baada ya Gavana Donald Cameron kuleta Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926, shughuli nyingi za vijijini ziliachiwa machifu na matarishi wao. Tarishi alikwenda kwa miguu na wito wa baraza. Mara nyingi karatasi ile ndiyo iliyokuwa nguvu yake yote.

Baada ya Uhuru tulirithi kirungu, pingu, filimbi na bunduki. Tulichochelewa kurithi ni karatasi ya tarishi. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga mwaka uliotangulia. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Alikubali tu kwamba yanayotendeka gizani lazima pawe na wa kuyajibia.

Ikaja Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Wengi huiona ni mali ya mawakili, lakini ukiisoma vizuri utaona ni orodha ya vifaa vya askari wa doria. Inasema askari akichukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, nayo isainiwe na mwenye nyumba au ndugu yake na mashahidi walioona. Kwa hiyo doria inahitaji kitabu cha stakabadhi na kalamu inayoandika. Inasema muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliyekamatwa ni saa nne tangu akamatwe, labda uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Kwa hiyo doria inahitaji saa ya mkononi. Nayo Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba kielelezo kiwe na maandishi yanayoonyesha kimepita mikono ya nani, tangu kilipokamatwa mpaka kilipofika mbele ya hakimu.

Naomba nikupe kisa cha nyumbani kwetu. Mwaka 1991 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Usiku mmoja tuliamka tukakuta baiskeli ya baba haipo. Ile baiskeli ndiyo iliyobeba mahindi na ulezi mpaka mashineni, na mama alipougua ilimbeba mama. Walikuja askari wawili wa kituo ambacho sitakitaja. Mmoja alikuwa na bunduki, mwenzake kirungu. Tochi hawakuwa nayo, wakaomba taa yetu ya chemli. Kalamu hawakuwa nayo, wakaomba yangu ya shule. Karatasi nikachana mimi kwenye daftari la hesabu.

Siku ya tatu kijana mmoja alikamatwa na baiskeli inayofanana na ya baba. Kesi ilipofika mahakamani, kile kikaratasi hakikuonekana. Namba ya fremu haikuandikwa popote. Hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika baiskeli ilikamatwa saa ngapi, wapi, mbele ya nani. Kijana akaachiwa baada ya kukaa mahabusu siku nyingi. Baiskeli ikabaki kituoni inaliwa na kutu.

Baba alikwenda kaburini akiamini kijana yule ni mwizi. Mimi, msikilizaji, mpaka leo sijui. Kama alikuwa mwizi, baba alidhulumiwa. Kama hakuwa mwizi, aliyedhulumiwa ni yeye. Yote mawili yalisababishwa na kukosekana kwa kalamu ya shilingi chache, wakati bunduki ya bei kubwa ilikuwapo usiku kucha na haikuwa na la kufanya.

Kuna jambo zito kuliko baiskeli. Wazee wetu hutuambia jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Jina zuri, lakini tuhuma za uchawi hazijatupwa. Bibi kizee akinyoshewa kidole, umati ukakusanyika mlangoni kwake, doria ikafika, risasi moja hewani itawatawanya watu usiku huo. Kesho je? Sheria ya Uchawi, tangu mwaka 1928, inamfanya anayemtuhumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji. Lakini mahakama haiwezi kumhukumu umati. Inahukumu mtu mwenye jina, na jina hilo liwe liliandikwa usiku ule ule.

Basi mkuu wa zamu anapokagua askari wake kabla hawajatoka, asiishie kuhesabu risasi. Aulize: tochi ina betri? Koti la mvua lipo? Maji yapo? Maana doria inayoanza na baridi ya Sumbawanga ikiteremka bonde la Rukwa mpaka Muze inakutana na joto, kiasi cha meta 1,000 chini. Simu ina chaji? Vifaa vya huduma ya kwanza vipo? Halafu aseme: nionyesheni daftari na kalamu.

Nasi raia tusicheke. Tangu mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, tumehimizwa polisi jamii na ulinzi shirikishi. Kushirikiana huko kuanze nyumbani. Andika namba ya fremu ya baiskeli yako, ya pikipiki yako na ya simu yako, uiweke mahali salama. Askari akichukua kitu chako, omba stakabadhi kwa adabu. Hujamtukana. Umemkumbusha sheria.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na haki nayo ni mali.

Mpaka juma lijalo, nakutakia usiku mwema, na askari aliye nje kwenye baridi namtakia kalamu yenye wino.