Mizani ya Kila Wiki: Historia ya Vikundi vya Kupunguza Uzito

Vikundi vya kupunguza uzito, ambamo watu wanene hukutana kila wiki, hupanda mizani na kuambiana ukweli juu ya walichokula, vilianzishwa na wanawake wa kawaida nchini Marekani katikati ya karne ya 20. Havikuzaliwa hospitalini wala chuo kikuu. Madaktari walivipuuza kwa miaka, kisha wakavichunguza, na mwishowe wakaanza kuwaelekeza wagonjwa wao huko. Katika kipindi hichohicho madaktari wa upasuaji nao walikuwa wakitafuta dawa ya unene kwa kisu.

Kabla ya hapo, kupungua kulikuwa shughuli ya mtu na daktari wake, au ya mtu na kitabu. Mfano uliovuma zaidi ni wa William Banting, msimamizi wa mazishi wa London. Mwaka 1862 alimwendea William Harvey, daktari wa masikio, kwa sababu alikuwa hasikii vizuri. Harvey aliona kwamba tatizo ni unene, akamkataza mkate, sukari, bia na viazi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua takribani kilo 21, na mwaka 1863 akatoa kijitabu kueleza alivyofanya. Kilisomwa sana, na watu wengi walimfuata. Hata hivyo kila msomaji alibaki peke yake jikoni kwake, na alipoteleza hapakuwa na wa kumwambia.

Hatua ya kwanza ya kuuvunja upweke huo ilipigwa Milwaukee, jimboni Wisconsin. Esther Manz alipokuwa mjamzito alihudhuria mafunzo ya waja wazito, akaona jinsi wanawake walio katika hali moja wanavyotiana moyo. Akajiuliza kwa nini watu wanene nao wasifanye vivyo hivyo. Januari 1948 aliketi na marafiki zake watatu kwenye meza ya jikoni, na kutoka kikao hicho kikazaliwa chama cha TOPS, yaani Take Off Pounds Sensibly. Sheria zake zilikuwa chache. Lengo la uzito lilitakiwa litoke kwa daktari wa mwanachama mwenyewe, na chama hakikuuza chakula wala dawa. Kila wiki watu walipimwa, na aliyepungua akapigiwa makofi. Aliyeongezeka, katika miaka ya mwanzo, alitozwa faini au kuimbiwa nyimbo za kumfananisha na nguruwe. Desturi hiyo ilikuwa ya kikatili, na ni heri ilipoachwa, maana aliyeaibishwa wiki hii hatarudi wiki ijayo, na asiyerudi hakuna kikundi kinachoweza kumsaidia. Aliyefikia lengo aliingia daraja la KOPS, la wale wanaolinda uzito usirudi. Kuwapo kwa daraja hilo kunaonyesha kwamba wanachama walijua mapema jambo ambalo utafiti ungelithibitisha baadaye sana: kupungua ni nusu ya kazi.

Mfano mwingine ulikuwa tayari mbele ya macho. Tangu 1935, katika mji wa Akron, jimboni Ohio, walevi walikuwa wakisaidiana kuacha pombe kupitia Alcoholics Anonymous. Mwaka 1960 wanawake watatu wa Los Angeles walichukua utaratibu wa aina hiyo na kuanzisha Overeaters Anonymous kwa ajili ya watu wanaokula bila kuweza kujizuia. Huko hapana ada wala mizani ya pamoja.

Wakati huo tiba rasmi ya unene ilikuwa ikishindwa vibaya. Mwaka 1959 daktari wa magonjwa ya akili Albert Stunkard, pamoja na Mavis McLaren-Hume, walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 waliofika mmoja baada ya mwingine katika kliniki ya lishe ya hospitali moja ya New York. Ni 12 tu waliopungua kilo 9, na kati yao mmoja tu aliyefika kilo 18. Baada ya miaka miwili, waliokuwa bado wamebaki chini walikuwa wawili. Kosa halikuwa la orodha ya vyakula. Wagonjwa walipewa karatasi, wakarudi nyumbani, na huko hawakuwa na mtu wa kushika naye njia.

Miaka miwili baadaye, katika jiji hilohilo, mama mmoja wa Queens aliipata karatasi ya namna hiyo. Jean Nidetch, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1923, alikuwa mke wa dereva wa basi na alikuwa na kilo 97. Siku moja dukani, mtu anayemfahamu alimsifia anavyopendeza, kisha akamuuliza atajifungua lini. Hakuwa na mimba. Nidetch alikwenda kliniki ya unene ya Idara ya Afya ya jiji, akapewa mpango wa chakula uliotayarishwa na Dkt. Norman Jolliffe: samaki mara kadhaa kwa wiki, ini mara moja, glasi mbili za maziwa yasiyo na mafuta na vipande viwili vya mkate kwa siku, mboga na matunda, bila sukari wala pombe. Aliufuata akapungua, lakini usiku alikuwa akila biskuti za chokoleti alizozificha bafuni, ndani ya kapu la nguo chafu. Kumwambia hivyo mwelekezaji wa kliniki, ambaye alikuwa mwembamba, hakuthubutu.

Septemba 1961 aliwaita marafiki sita nyumbani kwake na kuwasimulia habari za biskuti. Nao walikuwa na siri za aina hiyo, wakazitoa. Wakakubaliana kufuata mpango wa kliniki na kukutana tena wiki inayofuata, kila mmoja akaleta mwingine, na ndani ya miezi miwili sebule ikawa na watu 40. Kilichotokea pale ndicho kiini cha historia hii yote. Mpango wa chakula ulikuwa uleule uliotolewa na serikali ya jiji bila malipo. Kilichoongezwa ni watu wa kuwasimulia. Oktoba 1962 Nidetch alifika kilo 64, na hakurudi tena alikotoka hadi alipofariki mwaka 2015.

Mfanyabiashara wa nguo, Albert Lippert, na mkewe Felice walikuwa miongoni mwa waliopungua kwa msaada wake, na ndio waliomshawishi afungue kampuni. Weight Watchers iliandikishwa mwaka 1963. Kwa mkutano wa kwanza wa hadhara huko Little Neck, katika ghorofa iliyokuwa juu ya ukumbi wa sinema, vilipangwa viti 50, wakaja watu wapatao 400. Kiingilio kilikuwa dola 2. Aliyeongoza kikundi alitakiwa awe mtu aliyewahi kuwa mnene na kupungua kwa mpango huohuo, na sharti hilo ndilo lililoipa kampuni nguvu yake: mshiriki mpya aliona mbele yake mtu aliyetoka anakotoka yeye. Mwaka 1973, sherehe ya miaka 10 ilijaza Madison Square Garden kwa watu zaidi ya 16,000. Mwaka 1978 kampuni ya chakula ya Heinz iliinunua kwa dola milioni 71 hivi. Uingereza nako, Margaret Miles-Bramwell alianzisha Slimming World katika eneo la Derbyshire mwaka 1969, kwa mikutano ya kila wiki na msimamo thabiti kwamba hakuna mshiriki wa kudhalilishwa.

Njia ya kisu ilianza kwa hatari kubwa. Mwaka 1954 Arnold Kremen na wenzake wa Minnesota walieleza upasuaji unaounganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na sehemu yake ya mwisho, ili chakula kipite bila kufyonzwa. Uzito ulishuka kweli, lakini wengi walipata kuharisha kusikokoma, mawe ya figo, upungufu wa virutubisho, na wengine ini likaharibika hadi kufa. Upasuaji huo uliachwa. Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walifungua ukurasa mwingine mwaka 1966 kwa kupunguza mfuko wa tumbo wenyewe, na mbinu zilizofuata zimekuwa salama zaidi. Mwaka 1991 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliweka mipaka: upasuaji uwe kwa wenye uwiano wa uzito na urefu wa 40 au zaidi, au 35 ikiwa kuna ugonjwa mwingine mzito. Haki inadai isemwe kwamba kwa watu hao kisu hupunguza kilo nyingi kuliko kikundi chochote, na utafiti wa muda mrefu wa Sweden ulionyesha mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Swali la vikundi lilikuwa juu ya umati mkubwa zaidi: wasiofikia kiwango hicho, wasioweza kumudu gharama, na wasiotaka kukatwa.

Stunkard mwenyewe ndiye aliyewarudia kina mama wa TOPS. Katika tafiti za miaka ya 1970 alikuta kwamba matokeo yao hayakuwa nyuma ya yale ya tiba ya kliniki, ingawa wengi waliacha njiani. Kasoro hiyo ilipata dawa kutoka kwa wanasaikolojia. Mwaka 1967 Richard Stuart alieleza jinsi wanawake wanane walivyopungua sana katika mwaka mmoja kwa kubadili mazoea madogo: kuandika kila kinacholiwa, kula mahali pamoja tu nyumbani, kuweka chini uma katikati ya tonge. Mbinu hizo zilipoingizwa katika matawi ya TOPS mwaka 1974, watu walipungua zaidi na wachache wakaacha. Stuart baadaye alijiunga na Weight Watchers, na mazoea yakawa sehemu ya mikutano.

Thamani ya wenzi ilipimwa waziwazi mwaka 1999 na Rena Wing na Robert Jeffery. Waliojiandikisha peke yao katika programu ya kawaida walimaliza kwa asilimia 76, na asilimia 24 tu wakashikilia upungufu wote wa uzito hadi mwezi wa kumi tangu kuanza. Waliokuja na marafiki na kufundishwa kusaidiana walimaliza kwa asilimia 95, na asilimia 66 wakaushikilia.

Mwaka 2002 ukaja utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, wenye washiriki 3,234. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, hasa kutembea, dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformini ilikipunguza kwa asilimia 31. Lakini kila mshiriki alikuwa na mshauri wake, na gharama ilikuwa kubwa. Watafiti wa Indianapolis waliipeleka programu hiyo YMCA, wakaifanya ya vikundi vinavyoongozwa na wafanyakazi wa YMCA waliopewa mafunzo, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba washiriki walipungua asilimia 6. Bunge la Marekani liliidhinisha programu ya taifa mwaka 2010, na kuanzia 2018 bima ya serikali ya wazee, Medicare, inailipia. Mwaka 2011 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watu 772 wa Australia, Ujerumani na Uingereza: waliotumwa na madaktari wao kwenye Weight Watchers walipungua wastani wa kilo 5.1 kwa mwaka, waliobaki na huduma ya kawaida kilo 2.2. Fedha za utafiti huo zilitoka kwa kampuni yenyewe, jambo ambalo msomaji anastahili kulijua.

Uzito hurudi, na utafiti wa Look AHEAD ulionyesha kwa kiasi gani. Baada ya miaka minane ya mikutano na mazoezi, wagonjwa wa kisukari walikuwa chini kwa wastani wa asilimia 4.7 tu, ingawa nusu yao walidumisha upungufu wa asilimia 5 au zaidi. Baadaye zikaja sindano. Semaglutide iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka 2021, nayo hupunguza hamu ya kula kwa nguvu ambayo mkutano hauwezi. Weight Watchers ilinunua mwaka 2023 kampuni ya madaktari wanaoandika dawa hizo, na mwaka 2025, ikilemewa na madeni, ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Kliniki za upasuaji nazo zilikuwa zimekwisha kuiga desturi ya vikundi: vituo vingi vya kupunguza tumbo leo huendesha mikutano ya waliopasuliwa, ambako waliotangulia huwaeleza wapya namna ya kula baada ya kutoka hospitalini.