Kilele cha Nyota wa Kikapu: Kipimo cha Nairobi, 1993 hadi 2021

Kilele cha mchezaji wa mpira wa kikapu husomwa mahali pawili: katika msimu wake bora, na katika mechi za kuwania ubingwa. Mara nyingi masomo hayo mawili hayaafikiani. Msimu wa 1986–87 Michael Jordan alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mechi, wastani ambao hakuufikia tena, lakini Chicago Bulls walitolewa raundi ya kwanza na Boston Celtics kwa mechi 3–0. Wanaomtukuza hutaja zaidi fainali za 1993 dhidi ya Phoenix Suns, alipofunga wastani wa 41. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, ndiye anayewapunguzia waamuzi kazi: mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali, yote katika msimu mmoja.

Mizani hiyo imetengenezwa kwa NBA, ligi ya Marekani, yenye mechi 82 kwa msimu na fainali inayoweza kufika mechi saba. Kenya ni hadithi nyingine. Katika ukumbi wa ndani wa Uwanja wa Nyayo, Nairobi, ndimo sehemu kubwa ya ligi ya taifa imechezwa, Ulinzi Warriors, Equity Dumas na KPA ya Mombasa wakipokezana sifa. Mchezaji anaweza kutamba humo miaka kumi asijulikane nje ya Nairobi. Jina hujengwa na timu ya taifa, nayo hukutana kwa siku chache tu, mechi chache kwa mkupuo. Kwa hiyo kilele cha nyota wa hapa hakipimwi kwa misimu. Hupimwa kwa majuma.

Afrika Mashariki ina mfano mmoja wa aina ya Kimarekani, nao unaonyesha hatari ya kukisia kilele kabla hakijafika. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikuwa mlinzi wa kuogopwa katika Chuo Kikuu cha Connecticut, akakifikisha chuo hicho nusu fainali ya taifa mwaka 2009. Mwaka huohuo Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Katika NBA wastani wake ulikuwa pointi mbili na ushei kwa mechi. Wengi humwita aliyeshindwa. Hukumu hiyo ni kali mno: kilele chake kilikuwepo, ila kilikuja akiwa mwanafunzi.

Upande wa Kenya, kigezo cha kwanza ni cha timu. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika, wenyeji wakamaliza wa nne, na Angola ikatwaa kombe. Baada ya hapo Kenya haikuonekana tena katika mashindano hayo kwa miaka 28. Vijana waliozaliwa katika pengo hilo walikua bila fainali yoyote ya nyumbani ya kumpimia mtu.

Pengo lilianza kuzibika mwaka 2019 jijini Bamako, katika mashindano ya kwanza ya AfroCan ya timu za taifa za Afrika. Kenya, ikiwa na mchezaji wake Tylor Ongwae, ilifika fainali ikafungwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kushindwa fainali hakumfuti mchezaji. Mwaka 1969 Jerry West alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali za NBA ilhali Los Angeles Lakers walipoteza, na hadi leo ni yeye peke yake.

Kisha ikaja Yaoundé, Februari 2021, katika mechi za kufuzu AfroBasket, yaani ubingwa wa Afrika. Kenya ilikuwa nyuma ya Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi moja. Ongwae, wakati huo akiichezea Bakken Bears ya Denmark, akatupa saa ikiisha, mpira ukaingia: 74–73. Kenya ikafuzu chini ya kocha Liz Mills kutoka Australia, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika AfroBasket.

Mtupo huo umependwa kuliko unavyochambuliwa. Kundi la kufuzu lilikuwa na mechi sita kwa kila timu, na mtupo mmoja, hata mzuri namna gani, hauelezi ulinzi wa dakika 39 zilizotangulia wala wenzake Ongwae walioiweka timu umbali wa pointi moja. Ila mpinzani alikuwa Angola, na uzito wa mpinzani ni sehemu ya kipimo. Dhidi ya timu dhaifu ungekuwa wa kawaida.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa Kigali, katika AfroBasket yenyewe mwaka huohuo, mechi zilipofuatana kwa karibu. Kenya iliishinda Mali 72–66, kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa 60–58. Anayetaka kumpima Ongwae kwa haki aanzie Kigali, ndipo arudi Yaoundé.