Abunuwasi Aliwahi Kufungwa

Nikiwa darasa la nne nilichapwa fimbo mbili kwa kucheka. Mwalimu alikuwa anatusomea hadithi ya sufuria ya Abunuwasi, mimi nikaangua kicheko kabla hajafika mwisho, maana nilishaona jirani anakoelekea. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema, kisha akaongeza kwamba wenye akili hawachekicheki ovyo. Hilo la pili ndilo lililoniuma. Fimbo zilipoa.

Hadithi yenyewe mnaijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani: imezaa. Jirani anapokea zote mbili, haulizi kitu. Safari ya pili sufuria hairudi, eti imekufa. Jirani anakuja juu, wanafikishana kwa kadhi, na swali linakuwa moja tu: kile kitoto ulikipokea?

Sasa tazama kazi iliyofanyika hapo. Abunuwasi hakumdanganya mtu kuhusu shaba, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba shaba haizai. Alichokijua yeye ni tamaa ya jirani, na alikubali kupoteza kisufuria kimoja ili aikamate. Akasubiri. Kisha akaegemea kanuni ambayo baraza lolote litaielewa, kwamba ukishakubali jambo lilipokuwa na faida kwako, huwezi kulikana linapokuletea hasara. Kumjua binadamu, subira, sheria, vyote ndani ya hadithi inayosimuliwa kwa dakika mbili. Waturuki kisa hicho hicho wanampa Nasreddin Hodja, na sidhani kama kuna haja ya kugombania hati miliki.

Mtu wa kweli aliyekuwa nyuma ya jina hilo hakuwa mtani wa mtaani. Abu Nuwas, jina lake Hasan ibn Hani, alizaliwa Ahvaz, Uajemi, miaka ya 750, mama yake akiwa Mwajemi. Alilelewa Basra, akasoma Qurani, hadithi za Mtume na sarufi ya Kiarabu. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake, Khalaf al-Ahmar, alimkataza kutunga mpaka ahifadhi mashairi 1,000 ya kale. Alipomaliza akaambiwa: haya, sasa yasahau yote.

Kama ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, somo lile linaonekana kwenye kazi yake. Washairi wa jangwani walikuwa na desturi ya kuanza kwa kulilia mahame, mahali mpenzi alipopiga hema zamani. Abu Nuwas akaigeuza desturi hiyo kuwa kichekesho: mwenzake analilia mahame, yeye anaulizia kilabu cha mvinyo kiko wapi. Asiyeyajua yale ya kale hapo hacheki. Na asiyeyajua hawezi kuyatania.

Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema "yule ni mchekeshaji tu", hilo "tu" linanikera. Lakini pia sikubaliani na wanaodhani akili inayochekesha humwokoa mwenye nayo. Katika hadithi zetu Abunuwasi huponyoka kila mara. Yule wa Baghdad hakuponyoka. Alikimbilia Misri baada ya kuwasifu Wabarmaki walioangushwa na Harun al-Rashid mwaka 803, na Khalifa al-Amin, aliyekuwa akimpenda, naye alimtia gerezani. Alifariki yapata mwaka 814.

Pwani yetu ilimpokea ikaacha mashairi, ikabaki na ujanja. Sioni kama ni hasara. Msikilizaji wa Unguja hakuhitaji kuelezwa sultani ni kitu gani. Alikuwepo mmoja pale ufukweni, hadi Januari 1964. Kumsimulia mtu anayembwaga sultani kwa maneno matupu, huku jumba lake linaonekana, nako kulihitaji akili: ya kujua nani yuko barazani, na uanzie wapi. Ukisema ni ya Baghdad, hakuna wa kukukamata.

Mei 2020 polisi wa Dar es Salaam walimkamata mchekeshaji baada ya video kusambaa akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Alipofikishwa mahakamani, shtaka lilihusu usajili wa laini ya simu. Niliisoma habari ile mara mbili, nikidhani nimeruka aya. Picha, kicheko, laini ya simu: mahali fulani katikati sufuria ilikuwa imezaa. Mchekeshaji huyo anaitwa Idris Sultan, na hilo jina la pili, jamani, sikulitunga mimi.