0.5 ya kizamani, na jinsi Turkana ilivyokatwa kwenye picha

Wasee, ile 0.5 mnayopigia selfie mpaka paji la uso linakaa kama tikiti maji haikuzaliwa kwenye simu. iPhone 11 ilikuja nayo 2019, nyuzi 120, tukashangilia. Watu wa filamu walikuwa wameizoea kitambo sana. Mwezi huu wote nimetembea na babu yake hapa kwetu Lodwar na kule Kakuma, kwenye kamera ya kuazima, na kadiri ninavyosoma historia ya hiyo lenzi ndivyo ninavyoona historia ya kwetu.

Lakini kwanza niseme deni langu, ndiyo msijifanye mnanijua.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa nimeacha chuo na sina mbele wala nyuma, nilipata kazi ya kupiga picha Kakuma. Aliyenituma alitaka kitu kimoja tu: nyuso. Mengine kata. Nikasimama ng'ambo ya barabara na lenzi ndefu, nikampiga mama mmoja Mkongomani anayeuza vitenge na kuchajia watu simu kwa sola. Upepo ulikuwa umemjaza vumbi machoni, machozi yanamtoka. Manze, picha ilitoka kali. Ikawekwa kwenye bango. Duka halimo, vitenge havimo, kuna macho tu. Mwenye jumla wa Lodwar aliyekuwa akimpa mzigo kwa mkopo akaliona bango, akadhani mama ameanguka, akadai pesa zake zote kwa mpigo. Mama akauza paneli moja ya sola ndiyo alipe. Chapaa yangu mimi nilikuwa nimeshaila.

Na karatasi zote zilikuwa sawa, hapo ndipo panaponiuma. Kibali cha kupiga picha kambini nilikuwa nacho. Fomu mama alikuwa ametia sahihi.

Sasa kamera. Renjifainda ni ile kamera yenye madirisha mawili madogo usoni. Ukichungulia unaona picha mbili za kitu kimoja zimepishana kama mzimu, unazungusha lenzi mpaka zikutane, hapo umepata fokasi. Ndani haina kioo cha kupandisha picha kwenye jicho lako, na hiyo ndiyo siri yake. Lenzi pana sana ya enzi zile ilitaka kukaa karibu kabisa na filamu, na kamera za kioo zilikuwa na kioo njiani. Ndiyo maana renjifainda zilitangulia.

Mwaka 1954 Zeiss walitoa Biogon ya 21mm kwa kamera za Contax, kazi ya Ludwig Bertele, nyuzi 90. Mwaka huohuo Leica wakatoa M3, kamera ambayo mpaka leo watu wanaiabudu, na fremu pana kuliko zote kwenye dirisha lake ilikuwa ya 50mm. Yaani ukitaka kwenda pana zaidi ya hapo, unapachika kidirisha kingine juu ya kamera. Mwaka 1969 Zeiss wakatoa Hologon, 15mm, nyuzi 110, tundu lake limefungwa kwenye f/8 moja kwa moja, hakuna kubadilisha. Hiyo ilikuwa ya wenye nazo. Sisi wengine tulingoja mpaka 1999, Wajapani wa Cosina walipotoa 15mm yao kwa jina la Voigtländer, ndogo, nyepesi, inayoweza kununulika na mtu wa kawaida. Ndiyo hii niliyoazimwa, imefungwa kwenye Bessa R.

Kituko chake ni kwamba hii lenzi haiongei na yale madirisha mawili. Unakadiria umbali kwa jicho. Na haina shida: weka f/8, weka mita 1, kila kitu kuanzia nusu mita mpaka milimani kiko sawa. Shida ni nyingine. Ukisimama mita tatu, mtu anakuwa kama mchwa jangwani. Ili awe mtu inabidi umkaribie mpaka mkono wako umfikie. Huwezi kuiba picha hivyo. Inabidi useme "Ejok", uulize habari za mbuzi, uketi, unywe chai, halafu ndiyo uombe.

Turudi 1954. Wakati Leica M3 inazinduliwa Ujerumani, Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa gerezani Lokitaung, juu kabisa huko kwetu kaskazini. Alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria Aprili 1953 miaka saba. Mwaka 1959 akaletwa hapa Lodwar, sasa akiwa kizuizini. Waingereza hawakuchagua Turkana kwa bahati mbaya. Ilikuwa wilaya iliyofungwa kisheria, huingii bila kibali. Kamera nayo haiingii bila mwenye kibali. Ukitaka kumficha mtu asionekane, unamweka mahali ambapo umeshapaficha.

Akakaa Lodwar takriban miaka miwili. Machi 1961 wajumbe wa KANU na KADU wakaja kumwona. Aprili akahamishiwa Maralal, na ni huko ndiko waandishi wa habari wa dunia walipofunguliwa mlango wamwone na wampige picha. Kwa hiyo yule mzee mwenye ndevu aliyerudi mbele ya kamera alitokea Maralal. Lodwar ilikuwa imeshakatwa. Nyumba aliyokaa hapa ipo mpaka leo, na nimekua Kanamkemer nikipitia karibu nayo bila mwalimu yeyote kunionyesha. Juzi nilienda nayo 15mm. Nikarudi nyuma, nikaiweka nyumba na mji wote ulioizunguka, nduthi, mbuzi, mashuka yaliyoanikwa. Kwenye kona ya chini kuna vidole vyangu. Lenzi pana ina hiyo tabia, inakupiga na wewe.

Baadaye kamera zilikuja, siwezi kusema hazikuja. Mohamed Amin, mpiga picha wetu mkubwa, alitoa kitabu kizima kuhusu ziwa mwaka 1981, Cradle of Mankind. Lakini picha ya Turkana iliyokaa kichwani mwa Mkenya wa kawaida mnaijua: ardhi imepasuka, mbavu za ng'ombe, uso wa mtoto. Kila ukame unapokuja inarudi ileile.

Kakuma ni hivyohivyo. Kambi ilianza 1992, ikapokea vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kupitia Ethiopia. Leo pamoja na Kalobeyei, iliyoongezwa 2016, ni zaidi ya watu laki mbili. Kuna uongo mmoja unaozunguka mtandaoni kwa Kiingereza, ati "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Naongea Kiswahili tangu utotoni na sijawahi kulisikia. Mtu alitazama mji wenye wenyeji wake, mto wake na soko lake, akaamua kwamba hata jina linakiri hakuna kitu. Hiyo nayo ni kukata picha, bana, na haikuhitaji lenzi.

Nilirudi kwa mama wiki tatu zilizopita. Kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, filamu nimezifunga kwenye kitambaa kibichi kwa sababu ya joto. Aliniona, akaendelea kukunja kitenge.

"Juu ya nini umerudi?"

Nikamwambia ukweli wote, pamoja na chapaa niliyokula. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama hii kamera itaona mpaka kwenye rafu ya juu. Nikamwambia itaona mpaka juu ya paa. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha harusi. Nikasimama mita moja mbele yake, magoti yangu yanagusa meza ya simu. Ilikuwa mara ya kwanza namwona bila barabara katikati yetu.

Filamu ilienda Nairobi kwa basi ikasafishwe, na Ijumaa nikampelekea picha. Hakuangalia uso wake kabisa. Alianza pembeni. Alihesabu vitenge, akahesabu simu zilizokuwa kwenye chaji, akaonyesha kwa kidole nafasi tupu ya ile paneli aliyouza. Hata mwenye jumla yumo, alikuwa ameleta mzigo siku hiyo, amevutika pembeni kama mpira kwa sababu lenzi hii inawanyoosha walio kwenye kingo. Mama alimcheka mpaka akashika meza.

Ndipo akaona mkono wake mwenyewe, nao ulikuwa ukingoni.

"Mtoto yangu, mkono yangu umeifanya kama ya mwanaume. Hii siweke kwa ukuta."

Nimebakiza fremu nane. Jumanne narudi.