Mama wa Kitambaa

Mwaka 1958, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliwaeleza wanasaikolojia wenzake habari za watoto wa kima aina ya rhesus waliotenganishwa na mama zao saa chache baada ya kuzaliwa. Waliwekewa mama bandia wawili: mmoja wa waya mtupu, mwingine amevikwa kitambaa laini. Hata chupa ya maziwa ilipofungwa kwenye waya, mtoto alinyonya upesi, kisha akarudi kukikumbatia kitambaa.

Darasani tunafundishwa kwamba hapo ndipo sayansi ilipotambua kuwa mtoto haishi kwa shibe tu. Ni kweli. Lakini mtu aliyethibitisha kuwa kima huumizwa na upweke aliendelea kuwatenga, na baadaye akabuni chemba ya chuma iliyojulikana kama “shimo la kukata tamaa”.

Sheria ya Marekani ilirekebishwa mwaka 1985, miaka 27 baadaye, ikazitaka maabara zijali pia ustawi wa kisaikolojia wa wanyama wa jamii ya nyani. Ushahidi ulikuwapo muda wote huo, katika makala ya Harlow mwenyewe.