Fiodi

fiodi nm [i-/zi-] Mkono mrefu na mwembamba wa bahari, wenye kina kirefu, unaoingia barani kati ya kuta za milima ndani ya bonde lililochongwa na barafuto. *Asili:* Kinorwe *fjord*.

Ufafanuzi
Barafuto ni tungamo kubwa la barafu linaloteremka polepole kwa uzito wake. Hukwangua mwamba chini na kandokando, na kuacha bonde lenye kuta wima na sakafu pana. Barafuto ikiyeyuka, bahari hulijaza bonde hilo. Sognefjord nchini Norwe ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha zaidi ya mita 1,300. Mlangoni pake sakafu huinuka na kufanya kizingiti.

Kwa kuwa kuta ni wima, watu hukaa pale tu penye ardhi tambarare, hasa mito inapomwaga mchanga na kokoto. Ndivyo vilivyo vijiji vya Flåm na Geiranger. Fiodi ya Geiranger na ile ya Nærøy zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2005.

Fiodi, hori na ghuba
Wafasiri wengi huandika *ghuba* au *hori* mahali pa *fiodi*. Ghuba ni sehemu pana ya bahari iliyoingia barani. Hori ni mkono mwembamba wa bahari, kama ule wa Kilifi au Mtwapa. Mabonde ya hori hizo yalichimbwa na mito, kisha yakafunikwa na maji bahari ilipopanda. Hori na fiodi, basi, zote ni mabonde yaliyomezwa na bahari. Kinachozitenga ni mchongaji. Kwa upande mwingine, bonde la Teleki katika Mlima Kenya lilichongwa na barafuto, lakini si fiodi, kwa kuwa bahari haikulifikia.

Kosa hili huficha maana. Tarehe 7 Aprili 1934, mwamba mkubwa uliporomoka katika fiodi ya Tafjord, Norwe. Mawimbi yakapiga vijiji vya ufukweni na kuua watu 40. Msomaji akiambiwa kuwa hayo yalitokea katika “ghuba”, atafikiria maji mapana yaliyo wazi, na hataelewa mwamba ulitoka wapi wala kwa nini mawimbi hayakupata pa kutawanyikia.

Angalizo kuhusu majina
Jina la mahali si ushahidi. Katika lugha za Skandinavia *fjord* hutumika kwa upana zaidi: Limfjord ya Denmark ni maji ya kina kifupi katika nchi tambarare, wala haifai kuitwa fiodi kwa maana iliyotolewa hapa. Kinyume chake, Milford Sound ya Nyuzilandi ni fiodi kamili, ingawa jina lake halina neno hilo. Mfasiri aliache jina kama lilivyo, kisha achague nomino kwa kuuliza: bonde hili lilichongwa na nini?

Mifano
- Meli iliingia katika fiodi alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya milima.
- Fiodi hizi zina kina kirefu kuliko bahari iliyo mlangoni pake.
- *Si sahihi:* Fiodi ya Mtwapa. *Sahihi:* Hori ya Mtwapa.

Tazama pia: barafuto, bonde, ghuba, hori, kizingiti.